Baada ya Siku ya Kumi

Somo: Danieli 1:5–16, Danieli 10:2–3, Yoshua 5:10–12

Mfungo wetu wa siku 21 uliisha Jumapili ya juzi, na tangu hapo wengi mmekuwa mkinisimamisha mlangoni mkiniambia mmepungua. Mmoja kilo nne, mwingine mshipi umesonga tundu mbili, dada mmoja amevaa tena sketi aliyoificha chini ya sanduku miaka mitatu. Namshukuru Mungu pamoja nanyi. Lakini somo hili si la mfungo. Ni la Jumatatu iliyofuata mfungo, na Jumatatu ya mwezi wa sita, wakati hakuna maombi ya alfajiri, hakuna anayekuuliza umekula nini, na pale steji mandazi yanatoka kwa mafuta yakiwa moto.

Tufungue Danieli 1. Vijana wanne kutoka Yuda wamepelekwa Babeli. Mfalme amewapangia chakula cha meza yake na divai kwa muda wa miaka mitatu. Hiyo miaka mitatu iko mstari wa 5, iwekee alama. Danieli anamwomba msimamizi awajaribu siku kumi tu, wale mboga na kunywa maji. Biblia ya Union inasema mtama, tafsiri nyingine zinasema mboga, na neno lenyewe la Kiebrania linatokana na mbegu, yaani vitu vilivyopandwa. Kwetu ungeweza kusema kunde, maharagwe, wimbi. Hapo wote tunapajua. Kuna watu wanaohubiri hizo siku kumi kama dawa ya kitambi.

Sasa nenda mstari wa 15. Siku kumi zimeisha, vijana wanaletwa wakaguliwe, na hao wanne wanaonekana wazuri na wamenenepa kuliko wenzao wote. Wamenenepa! Niliposoma hapo Jumapili kuna watu walicheka, na kuna mzee alivaa miwani kuhakikisha. Ndio, imeandikwa. Ukitaka kutumia sura hii kupunguza mwili, mstari wa 15 unakupinga.

Basi sura hii inatufundisha nini kuhusu sahani? Iko mstari wa 16, na karibu kila mtu anauruka. Jaribio limefaulu, na msimamizi anaendelea kuwaondolea chakula cha mfalme na kuwapa mboga zao. Anaendelea. Siku kumi zilikuwa jaribio. Miaka mitatu ndiyo yalikuwa maisha. Piga hesabu: miaka mitatu ni siku 1,095, na siku kumi ndani yake hazifiki hata asilimia moja. Sisi tumeishika hiyo asilimia moja tukaacha tisini na tisa.

Ruka hadi Danieli 10. Miaka mingi imepita, Koreshi anatawala. Hapa Danieli anafunga majuma matatu kamili: hali chakula kitamu, nyama haiingii mdomoni, wala divai, wala hajipaki mafuta, mpaka majuma yatimie. Hebu fikiria vizuri. Ikiwa wakati wa majuma hayo matatu hakula nyama, basi wakati mwingine alikuwa anakula. Kwa hiyo katika maisha ya mtu mmoja tunaona mambo mawili tofauti. Kuna mfungo, wenye siku ya kuanza na siku ya kumaliza, na shabaha yake ni kuutafuta uso wa Mungu. Na kuna meza ya kila siku, ambayo haina siku ya kumaliza. Shida yetu wengi ni kwamba tunaishi Danieli 10 kwa majuma matatu, kisha tunarudi moja kwa moja kwenye meza ya mfalme. Hakuna Danieli 1 katikati.

Kuna mama mmoja katika kanisa letu. Nimemwomba ruhusa niseme habari yake bila kumtaja jina, akakubali, akaongeza kwamba nikiipamba atanirekebisha mbele za watu. Anauza mboga hapa soko la Kangemi. Ana kisukari cha aina ya pili. Mwaka jana aliingia mfungo wa Januari, kliniki ikiwa imempangia dawa zake upya, akiwa na kilo 96. Akatoka na 91. Akaona mlango umefunguka, akaendelea na mlo mkali alioelekezwa na rafiki: supu mchana, matunda jioni, hakuna ugali, hakuna chai. Mwezi wa tano alikuwa na kilo 81. Sukari ilishuka, daktari akampunguzia dawa. Alisimama hapa mbele akatoa ushuhuda, na mnakumbuka tulivyoshangilia.

Halafu? Halafu akamaliza. Ni neno lake mwenyewe: “Nilimaliza.” Mwezi wa kumi na moja alikuwa na kilo 93, dawa zote zimerudi, na macho yameanza kuona ukungu. Akaja ofisini, akakaa muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akaniuliza, “Pasta, nilimkosea Mungu wapi?”

Swali hilo ndilo lililoleta somo hili, kwa sababu kuna mtu alikuwa ameshamjibu. Aliambiwa ni roho ya ulafi, ati ilitoka, ikazunguka mahali pakavu, ikarudi na wenzake saba. Mimi ni mpentekoste. Naamini watu hufunguliwa, nimeona wakifunguliwa ndani ya hema hili. Lakini mama huyu hakuwa na pepo. Alikuwa na mwili unaofanya kazi vile ulivyoumbwa, na hakuna aliyekuwa amemweleza hivyo. Alitolewa ushuhuda akapigiwa makofi, kisha akaachwa aende nyumbani peke yake na mwezi wa sita.

Mwili unafanyaje? Kwanza, mwili mdogo hutumia kidogo. Matatu ya abiria 14 ikishusha watano pale Westlands, inapanda kurudi Kangemi kwa mafuta kidogo kuliko ikiwa imejaa. Mwili wa kilo 81 hautumii chakula sawa na mwili wa kilo 96, hata kama kazi ni ile ile na soko ni lile lile. Kwa hiyo sahani iliyomweka mama yetu kwenye kilo 96, akiirudia vile vile, itamrudisha karibu na 96. Hakuhitaji kula kuliko zamani. Alihitaji tu kula kama zamani. Hapo ndipo watu wengi wanashangaa: “Mbona sijala kitu cha ajabu?” Ni kweli, hujala.

Pili, mwili una kumbukumbu ya njaa. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walitoa matokeo ya utafiti ulioanza na watu 50 waliopunguza uzito kwa mlo mkali wa wiki kumi. Mwaka mmoja baadaye, zile homoni zinazoleta njaa na zinazoleta shibe zilikuwa bado hazijarudi mahali pake, na watu walikuwa wanasikia njaa zaidi kuliko kabla hawajaanza. Mwili haujui umefunga kwa hiari. Unadhani umepita mwaka kama ule wa 1984, ambao wazee wetu wanaukumbuka kwa mahindi ya manjano, na unataka kujaza ghala kabla ukame haujarudi. Hiyo si laana. Mungu aliweka hiyo kitu ndani yetu ili babu zetu waishi. Ila leo ghala linajazwa na chapati na soda, na mvua haikomi.

Na si mama mmoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa kila watu wazima 100 hapa Kenya, 27 wana uzito uliozidi. Kwa akina mama peke yao ni karibu 39 kwa 100.

Nilisomea biashara chuo kikuu kabla sijaingia kwenye huduma, kwa hiyo mifano yangu wakati mwingine inatoka huko, mnivumilie. Kulipa deni na kuishi bila deni ni kazi mbili tofauti. Mtu aliyezama kwenye mikopo ya simu, siku akiamua kujitoa, anaweza kuuza televisheni, akala githeri miezi mitatu, akatembea kwa miguu, akalipa yote. Ni ngumu, lakini ina siku ya mwisho, na hiyo siku inampa nguvu. Sasa deni limekwisha. Bajeti ya kulipia deni haiwezi kuwa bajeti ya maisha yote. Watoto watachoka na githeri. Lakini akirudia ile bajeti ya kwanza, iliyomwingiza kwenye deni, mwezi wa nane watampigia simu tena. Anahitaji bajeti ya tatu. Si ya deni, si ya zamani. Na hiyo ya tatu hakuna mtu aliyemfundisha.

Kwa chakula ni vivyo hivyo. Sahani ya kwanza ndiyo iliyotunenepesha. Sahani ya pili ni ya kupunguza: kali, fupi, ina mwisho. Sahani ya tatu ni ya kuishi nayo. Mama yetu alikuwa na sahani ya kwanza na ya pili. Alipomaliza ya pili, ni wapi pengine angeenda kama si kwa ile ya kwanza?

Hata madaktari wanapofanya jambo hili kwa ukubwa, wanalipanga hivyo. Uko utafiti unaoitwa DiRECT, uliofanywa Scotland na eneo la Tyneside huko Uingereza, kwa watu karibu 300 wenye kisukari cha aina ya pili. Waliowekwa kwenye mpango walikula vinywaji na supu maalumu peke yake kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya uangalizi, dawa zao zikisimamiwa na madaktari. Lakini angalia kilichofuata. Chakula cha kawaida hakikurudi kwa siku moja. Kilirudishwa hatua kwa hatua kwa wiki mbili hadi nane. Baada ya hapo kulikuwa na kuonana na mhudumu mara kwa mara, hadi mwaka wa pili. Matokeo yalitoka 2017: baada ya mwaka mmoja, watu 46 kwa kila 100 walikuwa wameacha dawa na sukari yao haiko tena kiwango cha kisukari. Baada ya miaka miwili walikuwa 36. Mimi ninaposoma hizo namba mbili naona furaha na onyo pamoja. Waliobaki salama ni hasa wale ambao uzito wao haukurudi. Na hata kwa uangalizi wote huo, kuna waliorudi nyuma. Kwa hiyo usimdharau ndugu yako aliyerudi nyuma akiwa peke yake, bila mhudumu, bila ratiba, na jirani ana kibanda cha chipsi.

Watu wa Mungu walipita hapo pia. Jangwani, mana ilikuwa na kipimo: pishi moja kwa kila kichwa, na siku ya sita maradufu. Hukuhitaji kufikiri. Ukiweka akiba inatoa funza. Halafu Yoshua 5: wamevuka Yordani, wamefanya Pasaka pale Gilgali, wamekula mazao ya nchi, na kesho yake mana ikakoma. Baada ya miaka 40, ikakoma kesho yake tu. Kuna ndugu anayetamani aishi kwa supu milele kwa sababu kwenye supu hakuna majaribu. Lakini Mungu mwenyewe ndiye aliyemaliza mana. Alitaka watu wake wawe na mashamba, wapike, wapime wenyewe. Kanaani hakuna anayekupimia.

Sasa tushuke kwa vitendo. Nimekaa na mama yetu, na dada mmoja mwuguzi wa ushirika wetu, tukaandika sahani yake ya tatu kwenye kitabu cha hesabu, kama duka. Wacha nianze na chai, kwa sababu hapo ndipo pesa ilikuwa inapotelea. Alikuwa anakunywa vikombe vinne kwa siku: asubuhi kabla ya kwenda soko, saa nne, saa kumi, na usiku. Kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko 12. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba mtu mzima asizidishe sukari ya kuongezwa kupita takriban gramu 50 kwa siku, yaani kama vijiko hivyo hivyo 12, na ikiwezekana iwe nusu yake. Mama alikuwa amemaliza kiwango chote kwa chai pekee, kabla ya kugusa mkate, kabla ya ile soda ya saa nane ambayo chupa moja ya mililita 300 ina sukari ya vijiko kama saba.

Kwenye sahani ya pili alikuwa ameifuta chai kabisa. Na ndiyo ilikuwa ya kwanza kurudi, na ilirudi na vijiko vyake vyote vitatu. Safari hii hatukuifuta. Tulibishana naye; alisema afadhali ugali kuliko chai. Tukakubaliana: vikombe viwili vya maziwa kwa siku, kimoja bila sukari na kingine kijiko kimoja, na vile vingine viwili strungi bila kitu. Wiki mbili za kwanza alikuwa ananiangalia vibaya kanisani. Sasa anasema chai ya kwa watu inamshinda kwa utamu.

Ugali tulibakisha. Mtu wa kwetu magharibi ukimwambia asile ugali umemwambia alale njaa, na atakuitikia tu kwa heshima ya utumishi. Ila ugali ulikuwa unakaa katikati ya sahani na mboga pembeni kama mapambo. Tukageuza. Nusu ya sahani ni mboga: sukuma, saga, mrenda, kunde, chochote kilicho rahisi wiki hiyo, na yeye ndiye muuzaji, hana kisingizio. Robo ni maharagwe, ndengu au omena. Robo iliyobaki ni ugali, ukubwa wa ngumi yake. Mafuta anapima kwa kijiko, hamimini tena kutoka kwa chupa. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kama kalori 120, na mkono ukimimina unaweza kuweka vinne bila kujua. Chapati haikukatazwa. Ni Jumapili, mbili, na hakuna ugali siku hiyo. Angalia kwamba hakuna kitu cha bei hapo. Wale wanaouza unga wa ajabu wa kupunguza mwili kwa maelfu, na wengine wanakuja hadi mlango wa kanisa, sisemi zaidi.

Kisha mizani. Kule Marekani kuna daftari la watu waliofaulu kutunza uzito, lilianzishwa mwaka 1994. Wanaoandikwa humo wamepunguza angalau kilo 13 hivi na kukaa hivyo angalau mwaka mmoja. Njia walizopunguzia zinatofautiana sana. Lakini wanavyotunza vinafanana: wengi wanapima uzito angalau mara moja kwa wiki, wengi wanakula asubuhi, na wengi wanatembea au kufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku. Mwenye duka anajua jambo hili. Hangoji rafu ibaki tupu ndipo aende kununua. Ana alama, sukari ikibaki mifuko miwili anaagiza. Wewe pia weka alama. Mama yetu anajipima kila Jumatatu asubuhi kabla ya chai, na anaandika. Leo yuko na kilo 89. Tumekubaliana akae hapo miezi miwili bila kushuka, ajifunze kukaa, kabla hajashuka tena. Alama yake ni 91. Siku mizani ikisoma 91, halii, haombi toba, hafungi siku tatu. Anarudi kwenye kitabu anaangalia ni nini kimebadilika wiki hiyo. Mara nyingi ni mazishi au harusi.

Na hapo tunafika kwa jambo ambalo naona ndilo gumu kuliko sahani yenyewe. Midomo ya watu. Hapa kwetu mtu akinenepa tunasema amebarikiwa, “ameng’aa.” Akipungua tunanong’ona. Mama huyu alipofika kilo 81, mteja alimwuliza kama ameenda kupimwa. Jirani akasema mume hamlishi. Shemeji yake alimpigia simu kutoka Kakamega akilia, akidhani anafichwa ugonjwa. Mume naye akaanza kusema, “Kula basi, watu wananiaibisha.” Niambie, ni nani angestahimili miezi sita ya hayo? Kwa hiyo nawaomba kama kanisa. Mkimwona mtu amepungua, msimpe utambuzi wa ugonjwa pale pale kwenye ngazi. Na pia msimsifu kabla hamjajua kama amekula. Kuna nyumba huku Gichagi watu wamepungua Januari hii kwa sababu unga uliisha, na huo si mfungo. Hao majina yao yafike kwa idara ya huduma, leo si kesho.

Akina mama wa ukarimu, ninyi nawapenda na ninyi mnajua. Mchungaji akiingia nyumbani kwenu kuku anakimbia. Mgeni akikataa chakula kwetu amemkataa mwenye nyumba, na siwezi kuwafundisha watu wakose adabu. Lakini tunaweza kupakua kidogo na kumwacha mgeni aongeze mwenyewe. Tunaweza kuacha kusema “hujala kitu” mara ya tatu. Mchungaji kiongozi amekubali kwamba kuanzia Jumapili hii chai ya baada ya ibada itapikwa bila sukari, sukari iwekwe kando kila mtu ajiwekee, na kreti ya soda ya viongozi itakuwa maji. Najua kuna wazee watanitafuta. Niko.

Kuhusu kutembea sitasema mengi, kwa sababu wengi wenu mnatembea hadi Westlands kila asubuhi na kurudi, na mnajua kuliko mimi. Nawasemea wale tulioanza kupanda boda kutoka steji hadi mlangoni, mwendo wa dakika kumi. Dakika 150 kwa wiki ndizo zinazoshauriwa kwa mtu mzima, na mguu hauna nauli.

Tahadhari moja, na tafadhali isomwe kwa sauti katika ushirika wa nyumbani. Ukiwa unatumia dawa za sukari au za presha, usipunguze chakula wala kufunga kabla ya kuonana na kliniki. Dawa ile ile kwa chakula kidogo inaweza kushusha sukari mpaka mtu aanguke. Kuacha dawa ni kazi ya daktari baada ya vipimo, si ushuhuda wa kuharakisha. Mama yetu mwaka huu hakufunga chakula, kwa ushauri wa kliniki. Alikuja tu alfajiri akaomba na sisi siku zote 21, na ana siku yake ya kuangaliwa macho mwezi ujao. Mkumbukeni. Wenye mimba, wanaonyonyesha, na vijana wanaokua, somo hili la kupunguza si lenu kwa sasa. La chai na mboga ni lenu.

Jumatano katika ushirika wa nyumbani someni Danieli 1 mpaka mstari wa 16, msiishie 14. Kila mmoja aseme chakula kimoja alichokiacha wakati wa mfungo ambacho tayari kimerudi, na kimerudi kwa kipimo gani. Msaidiane kuandika sahani ya tatu ya kila nyumba, kwa vitu vinavyopatikana sokoni kwetu na kwa pesa iliyopo.

Jumapili baada ya ibada ya pili, wahudumu wa afya wa mtaani, wale waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023, watakuwa hapa nyuma ya hema na mizani na mashine za kupima presha na sukari. Hakuna malipo. Fundi wetu wa nguo ataleta utepe wake wa kupimia, kwa maana kiuno nacho kinasema: kwa mwanamke kikipita sentimita 80, na kwa mwanamume 94, hatari ya sukari na moyo huanza kupanda. Njooni na vitabu vyenu vya kliniki. Na akina baba, mara ya mwisho mlijitokeza wawili tu, na mmoja nilikuwa mimi.